Nilimzika Kobe, Ndege Yake Ikarudi Mashindanoni

Jumapili moja, saa tisa alasiri, jua linawaka na majirani wanaanika nguo, niliona ndege ya mtu niliyemtupia udongo kaburini ikija taratibu na kusimama nyuma ya ndege yangu.

Sikuwa nimelala. Sikuwa nimekunywa kitu.

Nimekaa na jambo hili zaidi ya mwaka. Leo nalitoa, kwa sababu kuna mama mmoja aliniambia nisipolitoa litanioza ndani. Mtakaonitukana kwenye maoni, ruksa. Mengine nastahili.

Kazi yangu ni fundi miwani. Nakata vioo, nakaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, napima macho ya wazee wanaobishana na herufi za ukutani. Siku sita za wiki nipo ndani ya koti jeupe.

Siku ya saba nilikuwa rubani.

Rubani wa nyumbani, tuelewane. Kuna programu ya kompyuta inayokuwezesha kurusha ndege bila kutoka chumbani kwako. Unakuwa na skrini, fimbo ya kuongozea, pedali za miguuni na hedifoni yenye maiki. Wengine hurusha ndege za abiria, wanakaa saa sita wanatazama mawingu. Sisi subira hiyo hatukuwa nayo. Sisi tulirusha ndege za mashindano.

Ni ndege ndogo, za mtu mmoja, injini kubwa kuliko kiwiliwili. Mnazunguka nguzo zilizosimamishwa kwenye uwanda mtupu, chini kabisa, mpaka wewe na kivuli chako mnakaribia kugusana.

Na hizi zetu hazikuwa za kitoto. Aliyezitengeneza hakuacha kitu. Usipoipasha injini moto, inakuzimikia. Ukiikamua kupita kiasi, geji ya joto inapanda, oili inaruka na kutapakaa kwenye kioo, huoni mbele. Kuna swichi ilinichukua wiki mbili kujua ni ya nini.

Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni rafiki yangu. Tulimwita Kobe, naye akanibatiza Miwani.

Aliitwa Kobe kwa sababu kila kitu alikifanya polepole. Kula, kutembea, kujibu salamu. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango, yale ya mkono, juu ya milango ya maduka. Herufi moja angeweza kuikalia asubuhi nzima, brashi mdomoni, anaitazama kama mtu anayesubiri ijibu.

Ila ukimweka kwenye ile ndege, Kobe alikuwa mtu mwingine. Alikula kona kwenye nguzo ya tatu mpaka ukajisikia kutapika kwa niaba yake. Miaka minne tunashindana, sikuwahi kumshinda. Hata siku moja.

Ndege yake aliipaka rangi mwenyewe, ndani ya kompyuta. Ya njano, tumbo jeusi, na namba nane ubavuni. Ile nane aliichora makusudi kichwa chini, duara kubwa juu, dogo chini. Alisema nane za watu wote zimekaa, yake imesimama. Sisi tuliiona angani, lakini picha yenyewe ilikuwa kwenye mashine yake peke yake. Asiyekaa kwenye kiti cha Kobe asingeweza kuirusha ndege ile.

Shikeni hapo.

Kila Jumapili saa tisa tulikuwa watatu. Mimi, Kobe, na mama mmoja daktari wa mifugo ambaye hatukuwahi kumwona kwa macho, tulimjua kwa sauti na kwa matusi. Kobe alikaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, lakini saa hiyo kila mtu alikuwa chumbani kwake, tunaongea kwenye hedifoni.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Siku hiyo Daktari aliitwa kuzalisha ng'ombe. Tukabaki mimi na Kobe. Mizunguko minane. Na siku hiyo mkono wangu ulikuwa umefunguka, sijui nilikula nini. Mzunguko wa tano namwona Kobe mbele yangu, karibu mno, hata mkia wake unanitikisa kwa upepo.

Ndipo akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba mkono wake wa kushoto umekufa ganzi. Akasema na jasho linamtoka, na kifua hakielewi. Akauliza kama tunaweza kusimama kidogo.

Jamani. Miaka minne.

Nikaona ananichezea. Nikaona mzee ameshaona anapigwa, anatafuta mlango wa kutokea.

Nikamwambia, "Kobe, acha visingizio. Maliza kwanza, kufa utakufa baadaye."

Akacheka. Nakumbuka kile kicheko, kifupi, kama mtu aliyepaliwa. Akaendelea kuruka.

Mizunguko mitatu iliyobaki ilichukua kama dakika nne na nusu. Nguzo ya mwisho nikampita kwa ndani. Nikamaliza wa kwanza.

Kwenye kona ya skrini niliona ile ndege ya njano haikukata kona baada ya mstari. Ilinyoosha, ikaenda zake uwandani. Nikajua amenuna. Nikavua hedifoni, nikajitoa kwenye mashindano, nikatoka mbio kwenda jikoni kumwambia mke wangu. Nilimnyanyua juu. Alikuwa na unga mikononi, akaniachia viganja viwili vyeupe mgongoni.

Saa mbili na nusu baadaye simu ikaita.

Mke wa Kobe, shemeji yangu, alikuwa na saluni. Jumapili alifunga saa kumi, lakini siku ile akaja mteja wa mwisho, akaongeza saa nzima. Aliporudi alimkuta mumewe kwenye kiti, hedifoni kichwani, fimbo mkononi. Daktari wa hospitali alisema ni moyo. Akasema pia, na afadhali asingesema, kwamba angefikishwa mapema labda ingekuwa habari nyingine.

Ile labda ilifanya kazi mbaya sana kwenye ule msiba.

Watu walianza kuhesabu saa. Shemeji alikuwa wapi? Mbona alichelewa? Mteja gani huyo wa Jumapili? Na mama yake Kobe, mama wa miaka sitini na nane, mpole, aliyekuwa mpiga chapa ofisini maisha yake yote, akasimama mbele ya waombolezaji na kumwambia mkwe wake maneno haya: "Ungekuwa nyumbani, mwanangu angekuwa hai."

Shemeji alikaa pale pale kwenye mkeka, akatazama vidole vyake.

Kisha akanigeukia mimi. Kila mtu alijua Jumapili saa tisa Kobe yuko na mimi. Akaniuliza kama alilalamika. Kama alisema kitu chochote.

Nilikuwa na ule wakati. Ulikuwa mkononi mwangu.

Nikasema, "Hakusema kitu, shemeji. Alikuwa anacheka tu."

Nikaongeza kwamba lazima lilimkuta ghafla, baada ya mimi kuondoka. Watu wakatikisa vichwa. Na kwa kusema vile, mzigo wote nikawa nimeubeba na kumtwisha yeye.

Sikuishia hapo. Ile programu inarekodi kila shindano, picha na sauti, ili baadaye ujitazame ulikosea wapi. Kwangu inarekodi mpaka dakika ninapojitoa. Siku ya tatu ya msiba niliingia chumbani, nikaifungua, nikasikia sauti yangu ikisema kufa utakufa baadaye, nikaifuta. Nikazima kompyuta, nikaifunika shuka.

Mke wangu alidhani ni huzuni. Akaniletea chai.

Miezi saba sikuigusa. Kazini nikawa kama mashine. Mteja akiingia na kusema "naomba uniitie mtu wa vioo," mimi naitikia, namaliza siku, narudi nyumbani. Shemeji nikikutana naye njiani navuka barabara. Alikuwa amekonda mpaka nguo zinamning'inia. Nikajiambia ni kawaida ya wafiwa.

Mwezi wa nane Daktari wa mifugo akanitumia ujumbe. Akaniambia Kobe asingependa tuoze, turudi hata mara moja, kwa heshima yake. Nikatoa shuka.

Basi ndiyo hiyo Jumapili niliyoanza nayo.

Tumepanga ndege mstarini, tunapasha injini. Nasubiri geji ipande. Nikageuza kamera ya ndege kutazama nyuma, kama ninavyofanya siku zote.

Ya njano. Tumbo jeusi. Nane iliyosimama.

Kwenye hedifoni Daktari, mwanamke anayeingiza mkono ndani ya ng'ombe bila kupepesa, alisema kwa sauti ya chini sana, "Miwani, unaona ninachokiona?"

Nikamwambia naona.

Ile ndege haikusema neno. Ilisimama tu, injini inanguruma. Sisi tukaruka, yenyewe ikabaki. Tulipomaliza bado ipo pale pale, panga la mbele linazunguka. Kisha ikatoweka.

Siku iliyofuata nilimpigia shemeji. Nikajifanya namjulia hali, nikazunguka huku na huko, mwishoni nikauliza kama ile kompyuta waliiuza. Akasema ipo chumbani, chumba kimefungwa tangu msiba, yeye hawezi hata kupita mlangoni. Akasema Jumapili mchana hakai nyumbani kabisa, anakwenda kwa dada yake, kwa sababu saa ile inamnyonga.

Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikakaa kwenye ngazi za duka mpaka bosi akaja kuuliza kama naumwa.

Jumapili ya pili ilikuja tena. Safari hii iliruka. Iliyumba kama ndege mgonjwa, ikagonga bawa kwenye nguzo ya kwanza, ikaanguka. Nikajiambia huyo si Kobe, Kobe hawezi kuanguka pale. Halafu nikajisikia vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kubishana na nafsi yangu juu ya ujuzi wa marehemu.

Ya tatu iliruka vizuri zaidi. Ya nne ikatufuata mizunguko yote. Haikupita. Ilikaa nyuma yangu, umbali ule ule, kila kona ninayokata inakata. Tulijaribu kuisemesha, kimya. Daktari akasema yeye ana watoto, akajitoa. Hakurudi mpaka mambo yalipotulia.

Nami ningeweza kujitoa. Sikuweza. Wiki nzima nilikuwa naisubiri saa tisa kama mtu anayesubiri kuitwa polisi. Usingizi ukapungua. Nilikata vioo vya mteja kinyume, kushoto kulia, akarudi analalamika dunia imeinama.

Jumapili ya tano tulikuwa wawili tu angani. Mimi na ile.

Mizunguko minane. Mzunguko wa tano. Wa sita. Wa saba. Wa nane nikavuka mstari, nikatazama kona ya skrini.

Ya njano haikukata kona.

Ilinyoosha. Uelekeo ule ule wa siku ile, uwandani, kwenye ardhi tupu isiyo na kitu.

Mkono wangu ulikuwa tayari umekwenda kwenye hedifoni, kuvua. Ukakataa. Nikageuza ndege, nikaifuata.

Tuliruka hivyo dakika nyingi. Hakuna nguzo, hakuna mti, vivuli viwili tu chini. Ndege hizi hubeba mafuta kidogo. Nikaona panga lake linapunguza mwendo, likasimama. Ikashuka bila sauti, ikagusa ardhi, ikaserereka, ikatulia. Nikatua pembeni yake. Sijui nilitua vipi.

Nikasikia mtu anapumua kwenye hedifoni. Kisha kikohozi. Kikohozi cha mtu mzima.

Kisha sauti ya mwanamke, taratibu sana, ule upolepole niliokuwa naujua.

"Mwanangu, siku ile ulikwenda wapi?"

Alikuwa mama yake Kobe.

Nilivua hedifoni, nikavaa viatu, nikatembea mitaa mitatu. Mke wangu aliniuliza naenda wapi, nikamwambia kwa Kobe. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa, na hakukosea sana.

Mama alinifungulia mlango kabla sijabisha. Alikuwa amevaa miwani niliyomtengenezea mimi mwenyewe. Hakunisalimia. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kile chumba.

Tangu msiba alikuwa anaishi pale, na mimi kwa kuwakwepa sikujua. Ufunguo aliuona kwenye kabati, akaingia siku moja kufuta vumbi, shemeji hayupo. Ukutani Kobe alikuwa amebandika kadi, ameziandika kwa brashi, herufi zile za mabango: FUNGUA MAFUTA. WASHA PAMPU. SUBIRI GEJI IFIKE ARUBAINI. Mama alikuwa mpiga chapa, vidole vyake havina woga na vitufe. Akawasha. Akafuata kadi moja moja. Katika kubonyeza huku na kule akalikuta lile shindano la mwisho, limehifadhiwa lote.

Kwangu lilikatika nilipojitoa. Kwa Kobe halikukatika, kwa sababu Kobe hakujitoa.

Nilianza kueleza. Nikasema Mama, mimi nilidhani anatania. Akanyanyua kiganja kunizuia.

"Kaa," akasema. "Nimeisikiliza peke yangu mpaka nimechoka kuwa peke yangu."

Akanikalisha kwenye kiti cha Kobe. Kiti cha gari bovu, kimepigwa misumari kwenye mbao, kinanuka rangi na tapentaini. Akanivalisha hedifoni kama mama anayemvalisha mtoto kofia.

Nikasikia vyote. Kobe anasema mkono umekufa ganzi. Mimi nasema nililosema. Kicheko. Injini. Kupumua kwake kunabadilika, na mimi siku ile sikusikia kwa sababu nilikuwa nawaza kona. Kisha nikajisikia nikishangilia. Kisha kitu kinagonga meza, hedifoni yangu inavuliwa.

Baada ya hapo ilikuwa sehemu ambayo mimi sikuwahi kuijua.

Pumzi. Halafu Kobe, polepole, kama anaweka herufi moja moja: "Miwani. Umenipiga leo."

Kimya.

"Haya. Sasa niitie mtu."

Kimya kirefu.

"Miwani?"

Basi. Hakusema tena. Simu yake ilikuwa inachajiwa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni na mke wangu.

Ningechelewa kuvua hedifoni kwa nusu dakika tu, ningemsikia. Mimi nakaa mitaa mitatu tu kutoka pale, nina miguu, nina simu.

Nilitaka kuvua, Mama akanibana bega. Akataka nisikilize mpaka mwisho. Mwisho ni dakika kumi na moja za injini, ndege inakwenda yenyewe uwandani, mpaka mafuta yanaisha na kunakuwa kimya. Alisema huwa anazisikiliza zote kumi na moja, kila mara, kwa sababu hajui katika zile mwanawe aliondoka kwenye ipi.

Ndiyo maana alijifunza kurusha. Sitasahau alivyonieleza. Hakuwa na nia ya kunitisha, wala hakujua kwamba alikuwa ananitisha, maana akirusha hakuvaa hedifoni mpaka siku hiyo. Alitaka kuona kile alichokiona mwanawe mwishoni. Na alinifuata nyuma ili ajue kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha Kobe anaweza kuniona mimi nikimaliza na kuondoka bila kutazama nyuma. Akasema ndiyo, anaweza, ni rahisi sana.

Nikalia pale kwenye kiti. Hakunibembeleza.

Alisubiri nimalize, kisha akaniambia kilichomfanya afungue mdomo siku hiyo. Mkwe wake alikuwa anahama mwisho wa mwezi. Saluni ameshaiachia, anaondoka mjini kabisa, kwa sababu hawezi kuishi mahali ambapo kila mtu anamtazama kama aliyeua. Mama alisema angeweza kumwekea ile rekodi asikie, lakini hakutaka asikie sauti ya mumewe kwa kushtukizwa na mashine.

"Na uwongo ule ni wako," akasema. "Utautoa kwa mdomo wako. Mimi nina wangu wa kutoa."

Tukakaa sebuleni tukisubiri. Shemeji alirudi saa kumi na mbili, na mfuko wa nguo alizokuwa amepeleka kwa dada yake kurekebishwa, kwa sababu zote zilikuwa zimempwaya. Aliponiona akasimama mlangoni.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Sikupamba. Nilimwambia alisema mkono, alisema jasho, alisema kifua. Nilimwambia nilivyomjibu, kwa maneno yale yale. Nilimwambia nilimdanganya kwenye mkeka, mbele ya watu, huku namwona anavyoangamia. Nilimwambia nilifuta.

Aliniacha mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Alisema uite mtu, au alisema uniite mimi?"

Nilijua jibu analolitaka. Na nilijua Mama asingenipinga. Ningeweza kusema alikutaja, na pengine ingemsaidia kulala.

Nikasema, "Alisema mtu."

Akatikisa kichwa. Akaenda kwenye kile chumba ambacho alisema hawezi hata kupita mlangoni, akaingia, akafunga. Mimi na Mama tukabaki tunatazama ukuta. Hatukusikia kilio. Hatukusikia chochote kwa muda mrefu kuliko rekodi yenyewe.

Alipotoka alinawa uso, akaniambia niende nyumbani.

Nikiwa mlangoni nilimwona Mama anapiga magoti. Mama wa miaka sitini na nane, mbele ya mkwe wake. Alimwambia, "Nilikuhukumu mbele ya watu. Nitakusafisha mbele ya watu."

Na alifanya hivyo. Jumamosi iliyofuata aliita ukoo wote, wajomba, mashangazi, ndugu zake Kobe, pale pale palipowekwa mkeka wa msiba. Akaanza yeye. Kisha akanisimamisha. Nikasema tena yote mbele ya watu ishirini na tatu, mke wangu akiwa mmoja wao, anayasikia kwa mara ya pili baada ya mimi kumweleza nyumbani. Kaka mkubwa wa Kobe alinyanyuka kuja kunipiga, wakamshika. Nilitamani wangemwachia.

Shangazi mmoja, aliyekuwa wa kwanza kuuliza mteja gani huyo wa Jumapili, alikwenda kukaa karibu na shemeji akamshika mkono. Shemeji alimwachia mkono ule ushikwe. Hakumtazama.

Nilidhani baada ya pale atabaki. Sote tulidhani.

Mwisho wa mwezi akahama kama alivyopanga. Lori likaja, vikapakiwa vitanda, makabati, viti vya saluni. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, sikuwa na uso wa kusogea. Nikaona dereva anamsaidia mtu kupanda mbele, mtu mfupi mwenye miwani, na kibegi cha mkononi.

Alikuwa Mama. Aliacha nyumba ya mwanawe, akaacha ukoo wake wote unanung'unika, akaondoka na mkwe.

Sasa wako mji mwingine. Nasikia saluni imefunguliwa tena, na Mama ndiye anayeandika majina ya wateja mlangoni. Miwani yake nilimtumia mpya, aliipokea, akanijibu kwa neno moja, nimepata. Nilipomuuliza kama amenisamehe, aliniambia hajui, akijua ataniambia.

Hajaniambia.

Shemeji sijawahi kusikia sauti yake tena. Sidai.

Mimi bado niko dukani. Mteja akisema "naomba uniitie mtu," mikono yangu inaganda juu ya meza, lazima nihesabu mpaka tano ndipo niweze kugeuka. Bosi amezoea. Mke wangu hanioni tena nikipiga kelele jikoni.

Nawaambia ninyi mnaosoma hili. Mtu akikwambia mkono wake umekufa ganzi, simama. Usipime kama anatania. Usipime kama anakushinda au unamshinda. Ukisimama bure umepoteza mchezo mmoja. Na mfiwa akikuuliza marehemu alisema nini, mpe alichosema, hata kama ndani yake umo wewe, kwa sababu asipokipata kwako atajitengenezea chake, na atakachojitengenezea kitamla.

Daktari wa mifugo amerudi Jumapili, tunaruka tena, na vijana wawili wapya. Mwezi uliopita, katikati ya mzunguko wa sita, alikohoa akasema amepaliwa na chai.

Tulizima injini sote, tukatua popote tulipokuwa, tukamsubiri mpaka aseme yuko sawa.

Hakuna aliyecheka.